Barua kwa mwanangu anayesomea ubunifu wa bidhaa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa makini. Unauliza kama ulikosea kuchagua chuo cha ufundi. Unasema rafiki zako walio chuo kikuu wanachora bidhaa kwenye kompyuta zinapendeza, lakini ninyi muhula wa pili huu mnakata kadibodi, mnapiga msasa na kuchomelea vyuma, na kile kiti chako cha mama mboga mwalimu amekirudisha tena, akakuambia uende sokoni ukaangalie. Ukamalizia hivi: "Mama, hii ni kazi ya mbunifu ama ya fundi?"

Hukukosea, na nakuomba usihame. Nitakueleza kwa nini kwa mambo ninayoyajua mimi, yaani vyombo vya jikoni na watu wanaovinunua.

Chukua hili jiko la mkaa uliloliona tangu utotoni, lenye kiuno chembamba na chungu cha udongo ndani. Vijana wengi wanadhani limekuwepo tangu enzi za mababu. Lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Maxwell Kinyanjui ni mmoja wa wanaotajwa sana katika kazi hiyo. Kabla yake tulikuwa na jiko la bati tupu. Joto lilipotelea ubavuni, mkaa ukaisha upesi, na bati lenyewe likaungua hadi likatoboka. Wabunifu wakaliangalia jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina udongo ndani ya ndoo ya bati, wakaanza kulijaribu kwetu. Halikukubali hivihivi. Lilikuwa zito, na udongo na bati havitanuki sawa vikipata moto, kwa hiyo udongo ulipasuka au ukaachana na bati. Ndipo, baada ya majaribio mengi, wakafika kwenye umbo tulilonalo: udongo unawekwa nusu ya juu tu, na ganda la bati linabanwa katikati.

Kile kiuno si pambo, mwanangu. Ndicho kinachobeba chungu cha ndani kisiteleze kwenda chini. Katikati ya bati na udongo kuna saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yasiyopitisha joto kwa urahisi, inayoshika chungu na kuzuia joto lisitoroke. Matundu yaliyo chini ya chungu yanapitisha hewa na kuangusha majivu. Kila kitu kwenye jiko lile kina kazi, na hakuna mtu aliyekigundua akiwa mezani peke yake. Jiko lilipita mikononi mwa mafundi wa bati, likapita kwa wafinyanzi, likapelekwa kwa wapishi wakalipikia na kusema kasoro zake, kisha likarudi kwenye nyundo. Matokeo yake ni jiko linalopunguza matumizi ya mkaa kwa kati ya robo na nusu, kutegemea mpishi. Hebu fikiria ni akiba kiasi gani hiyo kwa nyumba inayonunua mkaa kwa mkebe.

Sasa nikuambie ninachokiona kila siku hapa dukani. Mteja akija kununua jiko, mwangalie kabla hajauliza bei. Analishusha sakafuni, anachuchumaa, anashika ukingo kwa mikono miwili na kulilalia kwa uzito wake, mara kushoto mara kulia. Huyo anasonga ugali. Ugali wa familia unataka nguvu: mwiko unaisukuma sufuria, sufuria inalisukuma jiko, na jiko lenye miguu iliyobanana litapinduka na makaa yake huku mtoto akiwa kando. Akimaliza hapo anavitikisa vile vyuma vitatu vya kushikilia sufuria, aone kama sufuria ndogo ya chai itatulia na ile kubwa ya maharagwe nayo itatulia. Mwisho anakigonga chungu cha ndani kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti kali, analichukua. Kikitoa sauti nzito iliyokufa, anajua ndani kuna ufa usioonekana, analirudisha na kuomba jingine.

Mama huyo hajasomea ubunifu popote, lakini bidhaa ameipima mbele yangu, na amepima mambo ambayo mchoro hauonyeshi. Kazi unayofundishwa ni kujua vipimo vyake kabla yeye hajafika dukani.

Tuje kwenye kiti chako. Picha uliyonitumia inapendeza: miguu minne myembamba, kikalio cha mbao cha duara, rangi imetulia. Lakini mama mboga hakai vile. Anakaa chini karibu na ardhi ili mkono ufike kwenye gunia na kwenye karai la maji. Magoti ameyatanua, sinia iko mapajani, anakata sukuma wiki huku akigeuka kila mara kumpa mtu chenji. Mvua za Aprili zikija, pale anapokaa ni tope. Mguu mwembamba unazama, tena mmoja unatangulia mwingine, na kiti kinalala upande. Kanjo, wale askari wa jiji, wakitokea, mkono mmoja unabeba mboga na mmoja tu ndio umebaki kwa ajili ya kiti. Jioni hana pa kukiacha. Ama anapanda nacho matatu, ama anakibana ndani ya gunia na vitu vingine na kulipia mahali pa kulaza. Kiti kisichokunjika kitamchosha wiki ya kwanza, na wiki ya pili utamkuta amerudi kwenye ndoo yake iliyopinduliwa.

Kwa hiyo mwalimu hakukuonea. Nenda sokoni kama alivyosema, ila usiende na karatasi ya maswali, kwa sababu ukimuuliza mama yule anataka kiti cha namna gani atakujibu "chochote tu, mradi kiwe imara," na hapo hutakuwa umepata kitu. Nunua mboga kwake, mwombe ukae naye kutwa nzima, umsaidie kukata, na ukalie kiti chake mwenyewe. Kiuno kikianza kukuuma alasiri, andika kinakuuma upande gani na ulikuwa unafanya nini. Mpime pia kutoka ardhini hadi gotini akiwa amekaa, si akiwa amesimama.

Jambo jingine nililoliona kwenye mchoro wako ni la hesabu, na hili nililiangalia na baba yako. Paipu ya mraba inauzwa kwa urefu wa mita 6. Kwa vipimo ulivyoandika, kiti kimoja kinakula mita 1.6. Paipu moja itatoa viti vitatu na kuacha kipande cha mita 1.2 ambacho umekilipia na hukifanyii kitu. Punguza sentimita 11 kwa kila kiti, kikae kwenye mita 1.49, na paipu ileile itatoa viti vinne. Sentimita 4 zitakazobaki zitaliwa na msumeno. Mnunuzi hatajua kwamba ulipunguza sentimita 11, lakini tofauti ya bei ataijua papo hapo. Baba yako alifanya hesabu hiyo kwa chaki juu ya bati kwa muda mfupi kabisa, kwa sababu amekata paipu maisha yake yote. Ndiyo maana nafurahi kwamba na wewe unazikata.

Simaanishi uiache kompyuta. Jifunze ile programu ya kuchora uijue barabara, hata kama ni jioni baada ya karakana, maana siku utakayotaka mtu wa Kisumu akutengenezee viti mia moja vinavyolingana, ni mchoro wenye vipimo sahihi utakaoutuma. Tatizo la skrini ni kwamba haikatai kitu. Chora bati jembamba limechomelewa kona kwa kona, itakubali na litang'aa. Karakanani moto wa kuchomelea utalitoboa bati hilo mara moja, na hapo ndipo utaelewa kwa nini mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wanakunja kingo za bati na kupigilia ribiti, vile vipini vya chuma vya kubana bati, kwenye masanduku ya shule na majiko. Wao si kwamba wamebaki nyuma. Wameshajua bati linakubali nini na linakataa nini.

Na kuhusu fundi au mbunifu, nimesoma habari za Mdenmark mmoja, Hans Wegner, aliyezaliwa mwaka 1914, baba yake akiwa mshona viatu. Alijifunza useremala kwa fundi na kufuzu akiwa na miaka 17, kisha baadaye ndipo akaenda kusomea ubunifu Copenhagen. Kiti chake cha mwaka 1949 ndicho walichokikalia Kennedy na Nixon, waliokuwa wakigombea urais wa Marekani, kwenye mdahalo wao wa televisheni mwaka 1960. Tafuta picha yake uangalie jinsi mikono ya kiti inavyoungana na mgongo. Utaona mwenyewe kwamba aliyekichora alikuwa ameshika randa miaka mingi.

Chuo chenu kina upungufu, sikatai. Mashine ni chache, mnapanga foleni, na mara nyingine mkishapata zamu umeme unapotea. Hilo linaumiza, na mna haki ya kulisema kwa uongozi kwa heshima na kwa maandishi. Lakini usikae ukingoja mashine. Jumamosi ingia kwenye karakana za watu, omba kushika kazi, hata kama ni kushikilia upande mmoja wa bati mwenzako akikata. Na ukifika wakati wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini, usikubali kuwekwa ofisini kupeleka barua. Tafuta mahali ambapo bidhaa inatengenezwa na kuuzwa chini ya paa moja, ili umwone mteja akirudi na kilichovunjika mkononi.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya mashine, nalo ni kunakili. Jiko lile la kiuno halikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi, kwa hiyo kila fundi aliliiga. Faida yake niliiona kwa macho: mafundi walipokuwa wengi bei ilishuka, na watu wa kipato cha chini wakaweza kulinunua. Hasara nayo ninaipokea hapa dukani. Kuna walioiga umbo la nje bila kujua sababu zake. Bati lao ni jembamba, kiuno hakijabana vya kutosha, udongo haukuiva kwenye tanuri. Jiko la namna hiyo kwa mbali huwezi kulitofautisha na zuri, lakini miezi michache tu chungu kinameguka. Huyo aliona picha ya jiko. Hakuwahi kulielewa jiko lenyewe.

Kwa hiyo wewe weka daftari. Kila mchoro uandike tarehe, kila jaribio liandikie lilishindwa wapi. Na kiti chako kikishakuwa kitu kamili, kabla hujakitembeza mitandaoni, nenda KIPI, ile taasisi ya serikali inayosimamia hataza na usajili wa miundo ya bidhaa. Kwa sheria ya mwaka 2001, muundo wa bidhaa ukisajiliwa unalindwa miaka 5, na unaweza kuuhuisha mara mbili zaidi, ikawa miaka 15. Waulize walimu wako wawafundishe hayo darasani. Mwanafunzi wa ubunifu asiyejua kulinda kazi yake atafanyia wengine kazi ya bure.

Halafu usiogope kwamba mlango wa chuo kikuu umefungwa. Diploma yako ni Kiwango cha 6 katika mfumo wa kitaifa wa kufuzu, na shahada ni Kiwango cha 7. Ukitaka kuendelea baadaye, utaendelea ukiwa tayari unajua kutengeneza unachokichora, na karo tutaizungumza wakati huo. Kwa sasa maliza hii.

Likizo ya Desemba njoo na mchoro mpya wa kiti, wenye vipimo vyote hadi unene wa paipu, na uamuzi wako kuhusu bawaba: kinakunjika ubavuni au kikalio kinainuka? Baba yako ametenga paipu moja nzima kwa ajili yako. Mtatengeneza viti vinne, na nimeshaongea na akina mama watatu wa hapa nje wakakubali kuvikalia kwa mwezi mzima. Cha nne nitakikalia mimi dukani, na nitakuambia ukweli.

Wasalimie wenzako, na ule vizuri.

Mama yako