Ukienda Kumtetea Mtoto, Nenda na Karatasi

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasindikiza wazazi na walezi shuleni, kliniki na kwenye ofisi za ustawi wa jamii. Wengi hunifuata wakiwa wameshazungushwa mpaka wamechoka. Leo njoo kesho, kesho mhusika hayupo, keshokutwa anaulizwa upya maswali aliyokwisha kuyajibu. Ushauri wangu wa kwanza kwao ni huu: usirudi huko mikono mitupu. Andika.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona jinsi mtoto anavyogawanywa. Muuguzi anaona homa na uzito. Mwalimu anaona alama na utoro. Ofisa ustawi anaona faili, tena mara nyingi baada ya mambo kuharibika. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja ana foleni mlangoni. Anayemjua mtoto mzima ni yule anayeishi naye, na kama hakuvibeba vile vipande kutoka mlango mmoja hadi mwingine, hakuna atakayevibeba.

Namkumbuka mvulana mmoja wa darasa la tatu aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Shule ilikuwa imeshamhukumu: hasikilizi, anachungulia madaftari ya wenzake, arudie darasa. Niliomba ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa lao. Mwalimu alipokuwa akiandika ubaoni huku akisoma kwa sauti, akiwa amewapa mgongo, mtoto alikodolea macho daftari la jirani. Mwalimu alipogeuka na kusema akiwatazama, mtoto aliandika mwenyewe, bila kumtazama mtu. Kila alipoitwa alizungusha shingo kwanza, sikio la kulia litangulie.

Nilimuuliza bibi kuhusu masikio. Akasema, "La kushoto hilo mwanangu, linatoa usaha, linakauka, linarudi tena. Tumeshapewa dawa ya matone hata sikumbuki mara ngapi." Na kweli walikuwa wamepewa, kila safari na mhudumu mwingine, na kila mhudumu alilitibu kama ugonjwa ulioanza juzi.

Mjukuu mkubwa ndiye aliyeshika kalamu. Daftari la kawaida, tarehe pembeni, sentensi fupi: "Jumatatu, usaha sikio la kushoto. Nimemwita akiwa amenipa mgongo, hakugeuka. Jumatano, hakuna usaha, ameitika mara moja. Jumamosi, usaha umerudi, una harufu." Hakuna maoni wala lawama humo ndani, ni yale tu yaliyoonekana na siku yalipoonekana. Daktari aliposoma zile kurasa hakuandika matone na kumwita mgonjwa mwingine. Sikio likitoa usaha kwa wiki mbili au zaidi huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu, na hapo pana haja ya kulisafisha na kulikausha, kufuatilia, kupima usikivu, na pengine kumwona mtaalamu. Mtoto akapewa rufaa.

Wazazi wengi hawajui jambo jingine kuhusu masikio. Maji yanaweza kujaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu na bila usaha wowote kutoka nje. Usikivu hupanda na kushuka: wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii vizuri. Ndiyo maana watu husema mtoto anachagua cha kusikia. Nimesikia watoto wakiitwa wakaidi kwa miezi mingi kwa sababu hiyo, na huwa naumia, maana mtoto huyo hana namna ya kujitetea. Hajui kwamba wengine wanasikia zaidi yake. Macho nayo ni vivyo hivyo: anayenakili vibaya kutoka ubaoni apimwe macho kabla hajaitwa mvivu.

Tulirudi shuleni na barua ya hospitali. Tuliomba mambo mawili: aketi mbele, sikio zuri likielekea kwa mwalimu, na mwalimu aseme akiwa amelitazama darasa. Yule mwalimu alikubali palepale. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa hajapewa habari. Nimejifunza kuingia ofisi yoyote nikimchukulia aliyeko mezani kuwa anamtakia mtoto mema mpaka anionyeshe vinginevyo, na mara nyingi hanionyeshi vinginevyo.

Sasa kuhusu barua yenyewe. Ukurasa mmoja unatosha. Jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, kilichoonekana na lini, kisha ombi. Usiandike "naomba msaada kwa mtoto huyu", maana ombi hilo hujibiwa kwa maneno ya faraja tu. Andika "naomba apimwe usikivu" au "naomba afanye mtihani akiwa ameketi mbele". Taja siku utakayorudi kupata jibu. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ukae nayo. Kabla hujaondoka, uliza kwa upole: "Ni nani mwenye uamuzi juu ya hili?" Nimeona watu wakimbembeleza mtu kwa miezi kadhaa kumbe hana mamlaka hayo hata akitaka. Na ukikataliwa, omba kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake hulifanya jambo litazamwe upya.

Pale penye namba, tumia namba. Ukisema mtoto amekonda, utaambiwa watoto hukua tofauti. Lakini kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu ukipimwa kwa utepe ukawa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, na hakuna mhudumu wa afya atakayekwambia usubiri. Kadi ya kliniki nayo ni ushahidi. Mstari wa uzito uliolala kwa miezi mfululizo wakati mtoto alipaswa kupanda unasema zaidi ya maelezo marefu. Itunze hata baada ya chanjo kuisha.

Sheria ipo, na inafaa kuijua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, na karibu nchi zote duniani zimeuridhia. Ibara ya 3 inataka maslahi bora ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika maamuzi yanayomhusu. Ya 24 ni afya, ya 28 ni elimu. Mimi huitaja ibara moja tu, mwishoni mwa barua, bila vitisho. Chimbuko la haki hizi nalo lilikuwa andiko fupi: Eglantyne Jebb, mwanzilishi mwenza wa Save the Children mwaka 1919, aliandika tamko la vipengele vitano ambalo Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, lililipitisha Geneva mwaka 1924. Vipengele vitano tu, na mataifa yakakubali.

Ibara ninayoipenda zaidi ni ya 12, inayompa mtoto haki ya kusikilizwa. Kabla ya kuandika chochote, kaa naye. Muulize jambo gani linamsumbua zaidi, usimtilie maneno mdomoni. Yule mvulana hakulalamikia sikio. Alichotaka ni kuacha kuitwa jina walilompachika wenzake. Tuliliweka hilo nalo kwenye mazungumzo na mwalimu, na kwangu lilikuwa na uzito sawa na rufaa ya hospitali.

Na tafadhali, usimwanike mtoto mitandaoni ili asaidiwe. Picha ya mtoto mgonjwa, jina, shule yake, kisa cha wazazi wake, vyote hubaki humo hata akiwa mtu mzima anayetafuta kazi. Nakala za barua zako zionwe na wale wanaohusika tu.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri daftari. Mtoto akikwambia ameguswa au ameumizwa, msikilize, mwambie unamwamini na kwamba hana kosa, kisha nenda siku hiyohiyo hospitali na kwa polisi au ustawi wa jamii. Usimhoji wala usimrudishie maswali yaleyale. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kama ni ukatili wa kingono, asiogeshwe kwanza kama inawezekana, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Usikubali kikao cha familia kikaitwa kabla ya hapo, hata kama anayekiita ni mtu unayemheshimu sana.

Ukishamshughulikia mtoto mmoja, utaanza kuwaona wenzake. Hapo peleka hoja kwenye kamati ya shule: watoto wote wapimwe macho na masikio wanapoanza darasa la kwanza. Nenda na wazazi wenzako mkiwa na orodha ya yale mliyoyaona, bila majina ya watoto. Kamati hujali inapoona kwamba jambo si la nyumba moja.

Lile daftari liendelee hata hali ikitulia, hata kama ni mstari mmoja kwa mwezi. Walimu huhamishwa, waganga hubadilika, na anayekuja huanza bila kujua lolote. Mtoto akihamia shule nyingine, mpelekee mwalimu mkuu mpya nakala wiki ya kwanza, mwombe aisome mbele yako, na daftari lenyewe libaki nyumbani.