Maswali ya Wasomaji: Mbona Mkono Huruka Kabla Uchungu Haujafika?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Nyalenda, Kisumu. Majuzi nilikuwa nikiepua ugali nikashika ukingo wa sufuria kwa mkono mtupu. Mkono uliruka kabla sijajua kwamba nimeungua. Kisha ukaja uchungu mkali kama wa sindano, na nyuma yake ule wa kuwaka ulioninyima usingizi. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema kwamba neva ni nyaya za stima za mwili. Ikiwa ndivyo, na stima hufika kwenye balbu papo hapo, mbona uchungu wangu ulichelewa, tena ukaja mara mbili?
Mama Mpishi, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama, kwa kuungua. Binti yako hajakosea kusema kwamba kuna umeme katika jambo hili, lakini mfano wa waya unapotosha, na swali lako limegusa palepale unapopotoshea. Katika waya wa shaba, ishara husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Katika mwili wa binadamu, neva zenye mbio kuliko zote hufikia kama mita 120 kwa sekunde, na zile za polepole hazizidi mita 2. Zamani wataalamu wakubwa, akiwemo Mjerumani Johannes Müller, waliamini kwamba mwendo huo hautapimika kamwe. Aliyekuja kuupima, mwaka 1850, ni mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann von Helmholtz, ambaye alitumia neva ya mguu wa chura na kupata takriban mita 27 kwa sekunde.

Kwa nini polepole hivyo? Seli ya neva, ambayo huitwa pia nyuroni, ina kiwiliwili chenye matawi mafupi ya kupokea habari na uzi mmoja mrefu wa kuzipeleka, unaoitwa aksoni. Aksoni itokayo katika uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya wayo hukaribia urefu wa mita moja kwa mtu mzima, ilhali ni nyembamba kuliko unywele. Utando wake hutenganisha maji ya chumvi ya namna mbili: nje ioni za sodiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, ni nyingi, na ndani zimejaa za potasiamu. Tofauti hiyo hailindwi bure, kwa maana ndani ya utando mna pampu ndogo mno ambazo kwa kila mzunguko hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, na kazi hiyo hula sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na ubongo. Neva ikiwa imetulia, upande wa ndani huwa hasi kwa kama milivolti 70 ukilinganishwa na wa nje.

Joto la sufuria lilipofika kwenye ncha za neva za kidole chako, vilango vya sodiamu vilivyo katika utando vilifunguka, ioni zikaingia kwa wingi, na kwa muda wa kama milisekunde moja upande wa ndani ukageuka kuwa chanya. Mara vilango hivyo vikajifunga, potasiamu ikatoka, na mahali hapo pakarudi katika hali yake. Lakini badiliko hilo lilikuwa limekwisha kuamsha vilango vya sehemu inayofuata, navyo vikaamsha vya mbele yake. Aliyewahi kuona shamba la miwa likichomwa huko Muhoroni au Chemelil anaujua mwendo huu. Hakuna muwa unaosafiri. Kila shina huwaka kwa majani yake lenyewe na kuliwasha jirani yake, ndiyo maana moto unaofika mwisho wa shamba una nguvu ileile ya ule uliowashwa mwanzoni, wala haurudi nyuma, kwa sababu kule ulikotoka hakujabaki cha kuungua. Tofauti ni kwamba neva hurudishiwa majani yake kwa milisekunde chache tu, ikawa tayari kuwaka tena. Waliolieleza jambo hili kwa hesabu ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, katika makala za mwaka 1952, baada ya kuchunguza aksoni ya ngisi ambayo unene wake huweza kukaribia milimita moja. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Ishara hiyo haina kubwa wala ndogo. Ama imewaka, ama haikuwaka. Uchungu mkali hautumi ishara nene zaidi, bali ishara nyingi zaidi kwa kila sekunde, zikifuatana kwa karibu.

Sasa niyageukie yale mawimbi yako mawili. Neva nyingi za kuhisi mguso na za kuamuru misuli zimeviringishiwa ala ya mafuta iitwayo mayelini, yenye mapengo madogo kila baada ya masafa mafupi, nayo ishara hurukia pengo hadi pengo badala ya kuwasha kila sehemu ya njia. Neva za uchungu ni za aina mbili. Zile zenye ala nyembamba huenda mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na hizo ndizo zilizoleta kile kisindano. Zile zisizo na ala kabisa huenda kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde. Kwa kuwa kutoka ncha ya kidole hadi uti wa mgongo ni karibu mita moja, habari za kuwaka huweza kuchukua sekunde nzima au zaidi njiani. Mkono wako uliruka mapema kwa sababu habari za kisindano zilipofika katika uti wa mgongo, amri ya kuuondoa ilitolewa papo hapo, bila kungoja ubongo uarifiwe.

Limebaki jambo moja ambalo mfano wa waya haulifikii hata kidogo. Seli moja ya neva na ya pili hazigusani kwa kawaida, wala neva na msuli hazigusani. Kati yake mna ufa uitwao sinapsi. Nyufa 50,000 zenye upana wa nanomita 20 ndizo zingejaza milimita moja. Barabara inakoma Luanda Kotieno, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na anayeelekea Mbita ng'ambo ya maji hana budi kupanda feri: vivyo hivyo, ishara ya umeme inapofika ukingoni, kemikali humwagwa, huvuka, na kuamsha ng'ambo. Mwanasayansi Otto Loewi alilionyesha jambo hili mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura. Aliamsha neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamimina juu ya wa pili, nao ukapunguza mapigo vilevile. Kemikali hiyo ni asetilikolini, ambayo pia ndiyo inayoamuru misuli ya mkono wako. Ikishafanya kazi yake huvunjwa na kimeng'enya maalumu. Baadhi ya dawa za kunyunyizia mimea, zile za kundi la oganofosfati, hukizuia kimeng'enya hicho, kemikali ikarundikana, na mtu akaanza kutokwa na mate, kutetemeka na kushindwa kupumua. Nawasihi wakulima wote wanaonisoma wasinyunyize bila glavu na kinga ya uso, wala wasiweke dawa hizo katika chupa za soda.

SWALI: Babu yangu alitibiwa ukoma kule Alupe. Alipona, lakini vidole vyake havikusikia moto hadi alipofariki, na mara nyingi tulimkuta na vidonda ambavyo hakujua amevipataje. Je, ni kweli kwamba wadudu wa ukoma hula vidole? Na neva ikifa hufufuka?
Mjukuu, Busia

JIBU: Pole kwa kuondokewa na babu. Bakteria wa ukoma, waliogunduliwa mwaka 1873 na Armauer Hansen wa Norwe, hawali vidole. Hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kama mikono, miguu na masikio, na hukaa ndani ya seli za Schwann, ambazo hutengeneza mayelini na pia hukumbatia neva zisizo na mayelini. Neva ikiharibika, ule moto wa miwa niliomweleza Mama Mpishi hauwaki tena: sufuria huunguza, msumari huchoma, kidonda huoza, na mwenye mkono hapati habari. Vidole hupotea kwa majeraha na maambukizi yasiyotibiwa kwa wakati.

Neva ya mkono au mguu iliyojeruhiwa huweza kuota tena kwa takriban milimita moja kwa siku, mradi njia yake ingali nzima. Ukoma ukikaa muda mrefu, njia yenyewe hugeuka kovu, na nadhani ndilo lililompata babu yako. Bakteria wenyewe huuawa na mchanganyiko wa dawa unaonywewa miezi 6 au 12, ambao Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutoa bila malipo tangu mwaka 1995. Kwa hiyo, mtu akiona ngozini baka lililopauka au jekundu lisilohisi mguso, aende kituo cha afya mapema, kabla neva hazijafa. Na kama nyumbani kwenu kuna mwingine asiyehisi mikono au miguu, avae viatu, ashike sufuria kwa kitambaa kizito, na kila jioni atazamwe viganja na nyayo kwenye mwanga.