Maswali ya Wasomaji: Matembezi ya Baiskeli Wakati wa Mvua

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja: mvua ikianza, baiskeli iwekwe stoo hadi anga litakate? Kwetu jibu ni hapana. Manyunyu, na hata mvua ya wastani, hayamzuii mtu kutoka kutembea kwa starehe, mradi abadili namna anavyofunga breki na asiiache baiskeli ilale na maji. Mvua ya radi ni habari nyingine, na tumeijibu mahali pake.

Swali: Baiskeli yangu ina breki za raba zinazobana rimu. Siku kavu inasimama vizuri. Ikinyesha, nabana na inaendelea kwenda tu, kisha ghafla inakamata. Pia inakwaruza kama msasa. Nibadilishe breki zote?

Jibu: Usinunue chochote kabla ya kukagua raba na rimu. Unachokieleza ni utando wa maji. Raba haiwezi kuishika rimu hadi iyafute maji kwanza, na kufuta huko huchukua mzunguko mzima wa gurudumu au zaidi. Muda wote huo baiskeli inakwenda. Maji yakishafutika, raba inakamata mara moja, na mkono uliokuwa umebana kwa hofu unalifunga gurudumu kabisa. Wengi huanguka pale breki inaporudi, wala si pale ilipokuwa haishiki.

Kwa hiyo futa maji kabla ya kuihitaji breki. Ukikaribia kona au makutano, bana kidogo tu, raba iguse rimu, gurudumu lizunguke mara mbili tatu, achia, halafu ndipo ubane kwa kazi. Kwenye mteremko mrefu rudia mguso huo mara kwa mara hata kama huna haja ya kupunguza mwendo. Anza kusimama ukiwa mbali mara mbili ya unavyozoea. Mwendo upunguzwe baiskeli ikiwa wima, kabla ya kona. Ukishainama, vidole viwe vimelegea. Tumia breki zote mbili kwa kuongeza nguvu taratibu. Ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa, lakini gurudumu la mbele likiteleza ni nadra kuliwahi. La nyuma likiteleza, ukiachia breki mara nyingi hujipanga lenyewe.

Sasa huo mkwaruzo. Barabara yenye maji hurusha mchanga kwenye rimu, raba inausaga pamoja na aluminiamu ya rimu, na vipande hivyo vinazama ndani ya raba. Toa gurudumu uangalie uso wa raba kwenye mwanga: utaona vidoa vinavyong'aa. Vichokonoe kwa ncha ya kisu kidogo au sindano nene, kisha sugua raba kwa msasa hadi uso wote uwe mweusi usiong'aa. Futa rimu kwa kitambaa chenye spiriti. Kama mifereji ya raba imekwisha, weka mpya. Halafu pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu, pale raba inapobana. Ukihisi pamebonyea katikati, rimu imelika, na rimu iliyolika inaweza kupasuliwa na shinikizo la tairi ukiwa njiani. Hiyo ni ya kubadilisha, si ya kuvumilia.

Rimu za chuma zilizopakwa kromu ni tatizo la aina yake: zikilowa, raba hata ikiwa mpya haishiki vya kutosha. Mwenye nazo atembee tambarare tu siku ya mvua, au aweke rimu za aluminiamu. Breki za diski zinaathirika kidogo zaidi kuliko siku kavu, lakini si kwa kiasi hicho. Zikipiga kelele zikiwa na maji, kelele hukoma zikikauka. Adui wa diski ni mafuta: tone moja la oili ya cheni likifika kwenye pedi, mara nyingi pedi hiyo haifai tena.

Swali: Rafiki yangu anasema siku ya mvua nijaze tairi hadi iwe ngumu ili ikate maji, tena ninunue tairi za meno makubwa. Mimi natembea kwenye lami tu.

Jibu: Yote mawili yapuuze. Tairi ya baiskeli ni nyembamba, ya mviringo, na ina upepo mwingi. Kwa mwendo wa matembezi haiwezi kuelea juu ya maji kama ya gari. Inayasukuma maji pembeni yenyewe. Kinachokushikilia ni raba kugusana na lami, na tairi ngumu mno inagusa eneo dogo na kurukaruka kwenye vijiwe. Punguza upepo kidogo badala ya kuongeza: ukizoea PSI 60 (kipimo cha shinikizo la upepo), jaribu 54 au 55. Usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, maana tairi laini mno ikigonga ukingo wa shimo hubana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yanayokaa sambamba.

Meno makubwa yana kazi kwenye tope, ambako yanazama na kushika. Kwenye lami iliyolowa yanapunguza eneo la kugusa. Tairi laini ya barabarani ni sawa kabisa, ilimradi raba isiwe kuukuu iliyokauka na kupasukapasuka.

Tarajia pancha zaidi, hata hivyo. Maji huzoa vigae vya chupa na vipande vya waya na kuvirundika pembeni mwa barabara, na raba iliyolowa hukatika kwa urahisi zaidi kuliko kavu. Endesha mbali kidogo na ukingo. Beba tyubu nzima ya akiba, kwa sababu solusheni haishiki kwenye tyubu yenye unyevu. Viraka uvibandike nyumbani. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote: kigae kilichobaki kitashika nyuzi. Usitumie kidole kitupu.

Swali: Niliteleza kwenye mstari mweupe wa kivuko cha waenda kwa miguu, na sikuwa nakimbia. Vitu gani vingine vya kuogopa?

Jibu: Pole sana. Rangi ya barabarani hujaza vinyweleo vya lami na kuacha uso laini, ndiyo maana ikilowa inateleza. Orodha iliyobaki ni fupi: mifuniko ya chuma ya chemba, wavu wa mitaro, mabamba ya chuma kwenye madaraja, majani yaliyooza, na reli. Vyote hivyo vipite ukiwa wima, bila breki, bila kukanyaga pedali kwa nguvu na bila kugeuza usukani. Reli zikate karibu na pembe mraba. Zikiwa mshazari, tanua njia yako kwanza baada ya kuangalia nyuma, kwani gurudumu la mbele likiingia kwenye mfereji wa reli hakuna ujuzi utakaokuokoa.

Dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi ni mbaya kuliko saa nzima inayofuata. Mafuta ya magari na vumbi vilivyolala kwenye lami huinuka na kuchanganyika na maji, na utelezi huo huondoka tu barabara ikishaoshwa vizuri. Kama unaweza kuchagua, ngoja mvua ya kwanza ipige kwa muda kabla ya kutoka.

Madimbwi nayo usiyapite kwa sababu tu unadhani unajua kilichomo. Dimbwi linaficha shimo la kina chochote. Lizunguke, na ukishindwa, lipite polepole, mikono ikiwa imara, makalio yameinuka kidogo kwenye siti. Maji yanayotiririka kukatiza barabara, hata yakiwa chini ya magoti, usiyaingie.

Swali: Nimenunua koti la mvua la bei, lakini nikifika nimelowa jasho kuliko ambavyo mvua ingenilowesha. Nimetapeliwa?

Jibu: Hapana. Koti lolote linalozuia maji kabisa huzuia pia mvuke wa mwili kwa kiasi fulani, hata lile linalosifiwa kwamba linapumua. Tafuta lenye zipu za kwapani na mgongo mrefu unaofunika makalio ukiwa umeinama, uache zipu ya shingo wazi kidogo, na upunguze kasi. Kwenye manyunyu ya joto, wengi wetu hatuvai koti kabisa: kulowa bila baridi si dhara. Kinacholeta dhara ni upepo juu ya nguo iliyolowa. Fulana ya pamba hunywa maji, hushikamana na ngozi na kukupoza hadi mwisho wa safari. Sufu nyepesi au kitambaa cha michezo huendelea kutunza joto hata kikilowa, au hukauka upesi. Mavazi mapana ya kujitanda hushika upepo na yanaweza kunaswa na spoki, hivyo yafungie mikononi na kiunoni.

Kwa macho, kofia yenye ukingo mfupi chini ya helmeti huzuia matone kuliko miwani inayoganda ukungu. Taa ziwashwe hata mchana, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, maana dereva anakutazama kupitia kioo chenye maji.

Swali: Shikamoo fundi. Nikitoka mvuani nafuta baiskeli, lakini asubuhi cheni ina kutu ya rangi ya machungwa. Napulizia dawa ya kufukuza maji, bado.

Jibu: Marahaba. Unafuta nje, na maji yamebaki ndani ya pingili, kwenye pini, mahali kitambaa hakifiki. Dawa hiyo ya kupulizia inafanya kazi ya kufukuza maji kweli, lakini haibaki kama kilainishi. Inaosha hata oili kidogo iliyokuwepo, inakauka, na chuma kinabaki uchi.

Fanya hivi jioni ileile. Mwagia baiskeli maji ya kawaida bila presha, kutoka juu kwenda chini, utoe mchanga. Mashine za kuoshea magari usizielekeze kabisa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), ekseli ya pedali au shingo ya usukani: presha husukuma maji kupita sili na kutoa grisi kwenye golori. Shika cheni kwa kitambaa kikavu, zungusha pedali kinyumenyume raundi ishirini hivi, ukibadilisha upande wa kitambaa. Iache ikauke. Kama una haraka, hapo ndipo dawa yako inafaa, kisha uifute. Halafu chukua oili nzito ya cheni, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya hali ya mvua, tia tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni. Zungusha pedali dakika moja ili oili iingie, ngoja dakika kumi au zaidi, kisha futa nje hadi kitambaa kitoke karibu safi. Wengi wanaruka hatua hii ya mwisho. Oili inayobaki nje hailainishi kitu, inakusanya mchanga na kugeuka tope la kusaga meno ya gia.

Pima cheni kwa rula pia. Kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, cheni mpya ni inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Ikifika inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, takriban milimita 306.4, ibadilishe. Ukingoja hadi inchi 12 na moja ya nane, kuna uwezekano mkubwa utanunua na meno ya nyuma pamoja nayo.

Swali: Wenzangu wananilalamikia kwamba nawarushia maji nikiwa mbele. Nina madigadi ya plastiki fupi ya kubana kwenye bomba la siti.

Jibu: Wana haki. Hiyo fupi inalinda mgongo wako tu. Weka madigadi kamili, pana kuliko tairi kwa milimita 8 hadi 10, yenye nafasi ya milimita 5 au zaidi juu ya tairi ili tope lisikwame. Kisha ongeza kipande cha raba mwishoni mwa ile ya nyuma, kishuke hadi karibu na ardhi. Na ya mbele usiisahau, kwani ndiyo inayookoa viatu vyako na cheni.

Swali: Naweza kumbeba mtoto wa miaka mitatu kwenye kiti cha nyuma manyunyu yakianza?

Jibu: Safari fupi, ndiyo, lakini kumbuka wewe unakanyaga pedali na kupata joto, yeye amekaa tuli akipigwa na upepo. Atapoa mapema sana kabla yako. Mvike nguo moja zaidi yako, mfunike miguu, na simama umguse shingo kila baada ya muda mfupi. Akinyamaza isivyo kawaida yake, safari imekwisha.

Swali: Radi ikianza je? Nasikia matairi ya raba yanakinga.

Jibu: Hayakingi. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, acha kuendesha na uingie ndani ya jengo la kweli au gari lenye paa la chuma. Usisimame chini ya mti uliojitenga wala kwenye kibanda cha wazi. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Swali: Nikiinua baiskeli nasikia maji yakicheza ndani ya fremu.

Jibu: Yanaingia kupitia bomba la siti. Tia alama ya kimo kwa utepe, toa siti na bomba lake, pindua baiskeli usiku kucha. Angalia chini ya ekseli ya pedali: fremu nyingi zina tundu dogo la kutoa maji, na mara nyingi limezibwa na tope. Lizibue kwa waya. Kwa fremu ya chuma au aluminiamu, paka bomba la siti grisi kabla ya kulirudisha. Kwa fremu ya kaboni tumia pesti maalumu ya kaboni, kwa sababu grisi ya kawaida italifanya bomba lishuke ukiketi.