Nota za piano za Kitaliano: anza na Martucci

Umeuliza kama Waitaliano wa karne ya 19 waliandika kitu chochote cha piano zaidi ya opera, ndugu yangu wapo kibao ila wamesahaulika tu! Anza na Giuseppe Martucci (1856–1909), tafuta Notturno yake (kipande tulivu chenye hisia za usiku) Op. 70 namba 1, usiogope zile flati 6 mwanzoni (alama za kushusha noti nusu hatua), ipige taratibu utaipenda. Halafu Giovanni Sgambati, mwanafunzi wa Liszt, yule mpiga piano na mtunzi maarufu wa Hungaria, kule Roma. Wote hakimiliki zao zimeshaisha muda so unadaunlodi bure IMSLP, ile maktaba ya nota mtandaoni. Na ukiwa na nota za zamani kabatini ziskani uwawekee wengine humo, hata zile namba za vidole za penseli usizifute, zinaonyesha mtu wa zamani alivyokuwa anaipiga.