Tanga–Dar kwa ndege: usiunganishe safari siku hiyo hiyo

Ndugu, simama kwanza, usiilipie hiyo tiketi ya pili. Umeuliza uwanja wa Tanga na wa Dar viko umbali gani, ni dakika ngapi, begi kilo ngapi na nauli je, halafu ukasema unatua Dar asubuhi na saa 8 mchana unaondoka kwenda Dubai. Hapo hapo ndipo nilipoumia mimi.

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 200. Kwa barabara, kupitia Segera na Chalinze, ni kama 350. Wakala aliyenikatia tiketi alinambia, "Dakika hamsini tu kaka, unashuka unavuka upande wa pili." Hakunambia kuwa ndege ile inapita Pemba, kisha Unguja, ndipo iende Dar. Piga hesabu: Tanga–Pemba kama kilomita 80, Pemba–Unguja kama 125, Unguja–Dar kama 70. Zile 200 zimeshakuwa 275, na kila kituo wanashuka watu, wanapanda watu. Anauza tiketi hizo kila siku. Alijua!

Nilikuwa na mama, tunakwenda Muscat kwenye nikaha ya mtoto wa dada yangu. Ndege ya kuondoka Tanga saa 4 iliondoka saa 5 kasorobo, maana yenyewe ilikuwa bado haijafika. Tukakaa Pemba, Unguja mvua ya masika imefunga. Vile videge vya watu kumi na wawili havishindani na wingu. Dar tukatua saa 7 na dakika 25. Videge hivyo hushusha jengo la 1, na za nje huondokea jengo la 3, lile lililofunguliwa 2019. Si kuvuka, ni kutafuta teksi, na mama anaumwa magoti. Tulipofika kaunta ilikuwa imefungwa, saa nzima kabla ya ndege kuruka, kama kawaida yao. Ndege tuliiona kwa macho.

Tiketi zote mbili za Muscat, yangu na ya mama, zikawa hasara. Nikamwomba yule binti wa kaunta, nikamwonesha tiketi ya Tanga, akanijibu kwa upole kuwa ile haiwahusu. Ni kweli: tiketi mbili za makampuni mawili hazijuani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji na hela hairudi. Nikaha ikasomwa usiku ule, mama anasikiliza kwa simu, kaketi juu ya begi lake kwenye chumba cha gesti, kavaa dera aliloshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Nauli nilikopa upya, lakini usiku ule haukopwi.

Basi, ndugu yangu: lala Dar. Ondoka Tanga siku moja kabla, kwa ndege au kwa basi la alfajiri, uamke Dubai ikiwa mbele yako na si bahari. Wakala akikwambia muda unatosha, mwambie akuandikie kwenye karatasi kuwa ukiikosa ndege atakulipa yeye. Wangu nilimrudia na ombi hilo hilo kwa safari ya pili. Alicheka, akaanza kunitafutia tarehe ya siku ya kabla.