Jeonse: yaangalie haya kabla ya kukabidhi amana yako Korea Kusini

Matatizo ya Korea Kusini yakitajwa, watu huanza na uzazi. Mwaka 2023 ulishuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, na 2024 ukapanda kidogo tu, 0.75. Lakini vijana wa Seoul ukiwauliza kinachowachelewesha kuoa na kuolewa, wengi watakutajia nyumba. Zaidi ya nusu ya wananchi wamejazana Seoul, Incheon na mkoa wa Gyeonggi, na ukifika huko kusoma au kufanya kazi, jeonse, aina ya upangaji wa nyumba, utaikuta mlangoni.

Kwenye jeonse hakuna kodi ya mwezi. Unamkabidhi mwenye nyumba amana kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya thamani ya nyumba, unakaa miaka 2, kisha unarudishiwa yote. Usiifananishe na kilemba cha Kariakoo, maana kilemba hakirudi. Kwa miongo kadhaa hii ndiyo iliyokuwa ngazi ya kijana: anakaa bila kodi huku akiweka akiba ya kununua yake.

Shida ni kwamba amana haikai mahali ikakusubiri. Chukua nyumba ya won milioni 300 yenye mpangaji wa jeonse ya milioni 280: mnunuzi anatoa mfukoni milioni 20 tu, zilizobaki zinalipwa na amana ya mpangaji. Akirudia hivyo anamiliki mamia. Mmoja alifariki Oktoba 2022 akiwa na nyumba zaidi ya 1,000. Anayetoka hulipwa kwa pesa ya anayeingia. Benki Kuu ilipopandisha riba kutoka 0.5% katikati ya 2021 hadi 3.5% Januari 2023, bei zikaanguka, wapangaji wapya wakaja na pungufu, na waliotoka wakakosa cha kurudishiwa. Wilayani Michuhol, Incheon, baadhi ya vijana waliotapeliwa walijiua. Hakuna mtu anayepaswa kufa kwa sababu ya mkataba wa nyumba, ndiyo maana tunasisitiza haya yafuatayo.

Fungua mwenyewe rejista ya nyumba kwenye tovuti ya Mahakama ya Juu. Kuitazama ni won 700. Nakala ya dalali inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Sehemu ya kwanza, pyojebu, inaeleza jengo: namba ya chumba iwe ile iliyo mlangoni. Ya pili, gapgu, inamtaja mmiliki: jina lifanane na kitambulisho chake na akaunti unayoilipa. Ukikuta humo neno sintak, nyumba imekabidhiwa kampuni inayoishikilia kwa niaba yake (trust), na anayejiita mwenye nyumba hawezi kukupangisha bila idhini ya maandishi ya kampuni hiyo. Ya tatu, eulgu, ndiyo yenye rehani. Jumlisha rehani na amana yako. Ikizidi 70% ya thamani ya nyumba, tafuta nyingine. Mnadani nyumba huuzwa kwa bei ya kutupa, na benki iliyotangulia inachota kwanza.

Kujua thamani ndiko kugumu. Bei za apatimenti zilizouzwa hutangazwa na serikali. Villa, yaani majengo mafupi yasiyozidi ghorofa nne, haziuzwi mara kwa mara, na ikiwa mpya, bei ni ile anayoitamka dalali. Hapo HUG, shirika la umma linalodhamini amana, liwe kipimo chako: tangu Mei 2023, kwa villa kwa kawaida halidhamini amana inayozidi 126% ya bei rasmi ya serikali. Likiikataa, nawe ikatae.

Siku ya kuhamia ndipo wengi wanapoumia. Andikisha anwani siku hiyo hiyo na mkataba upigwe mhuri wa tarehe, hwakjeong ilja. Kinga ya amana yako inayotokana na hayo inaanza saa sita usiku wa kuamkia kesho yake, ilhali rehani inashika siku ile ile inapoandikishwa. Mwenye nyumba mbaya anakwenda benki mchana huo huo, wewe ukiwa bado unapanga vyombo. Mkataba useme kwamba haweki rehani hadi siku inayofuata, na akikiuka unavunjika na pesa inarudi. Itazame rejista tena kabla ya kulipa salio, na tena kesho yake.

Kwa mwanafunzi, maoni yetu ni wolse: amana ya milioni 5 au 10 na kodi kila mwezi. Kodi inauma, lakini kwa viwango vya 2023, Seoul amana isiyozidi milioni 165 hulindwa hadi milioni 55, mbele hata ya benki, ilimradi umeandikisha anwani.

Kama hutaki kuendelea, toa taarifa kati ya miezi 6 na 2 kabla ya mkataba kuisha, la sivyo unajiongeza wenyewe. Siku ikifika na pesa haijarudi, usihame. Omba mahakamani amri ya kuandikisha upangaji wako, na usubiri hadi uione kwenye eulgu. Ukihamisha anwani kabla ya hapo, umepoteza nafasi yako kwenye foleni.