Usimtume shemeji alete sanduku kubwa: mchezo wa kwanza wa hazina na hatari kwa familia

Papa Amani wa Goma anauliza hivi: shemeji yake anatoka Ubelgiji Desemba na amekubali kumletea mchezo mmoja wa mezani. Nyumbani wako watano, watoto wana miaka 7, 10 na 13. Mama watoto hana subira na sheria ndefu. Yeye mwenyewe anataka kitu chenye safari, hazina na hatari, "si Ludo wala Monopoly," na moyo wake umeshaangukia sanduku moja kubwa lenye mazimwi ya plastiki.

Papa Amani, mimi niko Bukavu, nina watoto watatu kama wewe, na sanduku hilo ninalo. Liko juu ya kabati, chini ya valisi ya harusi. Ngoja nikueleze lilifikaje huko.

Ni HeroQuest, toleo la 2021. Nilimwagiza rafiki aliyekuwa masomoni Kanada. Mchezo wenyewe ni wa 1989, ulitengenezwa na Milton Bradley pamoja na Games Workshop, ukapotea madukani miaka mingi, kisha Hasbro wakaurudisha. Ukifungua sanduku unafurahi kama mtoto: milango inayosimama, meza, makabati, mifupa inayotembea na panga, mashujaa wanne. Wanangu walipiga kelele mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama tumepata mgeni.

Shida ilinikuta dakika ya tano. Shujaa mmoja kwa Kiingereza anaitwa Wizard. Mimi kwa haraka nikatafsiri: "Na huyu hapa ni mchawi." Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni anachambua maharagwe. Akasimama na ungo wake, akatoka barazani. Tangu siku hiyo sanduku lile kwake ni "bile bintu bya balozi." Ndugu wa Tanzania msicheke, kwetu huku balozi si mwakilishi wa nchi, ni wachawi. Baadaye shujaa yule tulimbadilisha jina tukamwita Profesa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Tuseme hata mama mkwe angebaki, bado mchezo ule unataka mtu mmoja awe adui. Anaitwa Zargon. Yeye ndiye anashika kitabu cha safari, na ziko 14, yeye ndiye anajua kilicho nyuma ya kila mlango, yeye ndiye anapanga mazimwi chumba kikifunguliwa. Kwetu Zargon ni nani? Ni mimi, kila usiku, natoka kazini, nasoma Kiingereza kwa macho, natoa Kiswahili kwa mdomo, watoto wananingoja na dadu mkononi. Safari ya kwanza hatukuimaliza. Umeme ulikatika tukiwa chumba cha tatu, na kupanga upya vitu vidogo vile kwa mwanga wa simu ni adhabu.

Dadu zake lakini nitazitetea popote. Dadu ya vita ina pande sita: fuvu tatu, ngao nyeupe mbili, ngao nyeusi moja. Anayepiga anahesabu mafuvu. Shujaa anajikinga kwa ngao nyeupe, zimwi linajikinga kwa ngao nyeusi peke yake. Kijana wangu mdogo aliishika dadu moja, akaizungusha polepole, akahesabu, akasema: "Kumbe zimwi lina bahati moja tu." Hesabu ile mwalimu angeichorea ubaoni wiki nzima. Kwa hiyo sisemi HeroQuest ni mbaya. Nasema ni mchezo wa mwaka wa pili, na unahitaji nyumba yenye mtu mmoja anayependa kusimulia na asiyechoka. Kama ndiye wewe, hongera.

Sasa nije kwenye mchezo ninaokushauri, ule wa mkebe.

Shemeji yangu naye alirudi likizo, akaleta mkebe wa bati usiozidi ukubwa wa kamusi. Juu imeandikwa Forbidden Island. Umetungwa na Matt Leacock, yule yule wa mchezo wa Pandemic wa 2008, na huu ulitoka 2010. Ni wa watu 2 hadi 4, nusu saa hivi. Nikauangalia nikasema moyoni, huyu amebana pesa.

Unapanga vigae 24 mezani, na hicho ndicho kisiwa. Kila kigae kina upande wa rangi, nchi kavu, na upande wa buluu, palipofurika. Hazina ni nne: jiwe la ardhi, sanamu ya upepo, kioo cha moto na kikombe cha bahari. Zamu yako ina matendo matatu tu. Unatembea, unakausha kigae kilichofurika, unampa mwenzako karata, au unachukua hazina kama umeshika karata zake nne na umesimama mahali pake. Ukimaliza unavuta karata mbili za hazina, halafu maji nayo yanacheza zamu yao: unafunua karata za mafuriko, na kila mahali palipotajwa kigae chake kinageuzwa. Pakitajwa tena bado pamefurika, kigae kinaondoka mezani moja kwa moja. Mkishapata hazina zote nne, mnakimbilia uwanja wa helikopta, na mtu mmoja awe na karata ya kuirusha. Wote mnaondoka au wote mnazama. Hakuna Zargon. Niliposema neno hilo, mama watoto alivuta kiti.

Kitu kinachofanya mchezo huu uwe na moto ni karata tatu zilizofichwa ndani ya rundo la hazina. Sisi tunaziita Maji Yapanda. Ikitoka moja, kipimo cha maji kinapanda, kisha karata zote za mafuriko zilizokwisha kutoka zinachanganywa na kurudishwa juu ya rundo. Juu, si chini. Maana yake palipofurika sasa hivi ndipo patakapofurika tena kabla ya pengine. Binti yangu, wakati ule ana miaka 10, alitazama mara mbili akasema: "Papa, ni kama huku nyuma." Nyuma ya nyumba yetu kuna korongo. Mvua ikishuka kutoka juu Kadutu haitafuti njia mpya, inapita pale pale ilipopita mwaka jana na kuula udongo ule ule. Sheria ile sikuieleza tena.

Kila mchezaji ana kazi yake, ziko sita, na hapa lugha ilitusumbua kidogo kwa sababu mkebe wetu ni wa Kiingereza. Jioni moja mimi na mama watoto tulikata vikaratasi, tukaandika kwa bik, tukabandika kwa skochi. Rubani anaruka mpaka kigae chochote mara moja kwa zamu. Fundi anakausha vigae viwili kwa tendo moja. Mzamiaji anapita palipofurika na hata palipokwisha kuzama. Mjumbe anatoa karata bila kukutana na mtu. Mpelelezi anatembea na kukausha kwa mshazari. Nahodha anawasogeza wenzake. Maneno yote ya lazima ni hayo, yaliyobaki ni picha. Helikopta yenyewe watoto waliibatiza MONUSCO, kile kikosi cha Umoja wa Mataifa huku Kongo, na hapo sikuwa na la kuongeza.

Sasa kosa langu, maana sheria za mkebe ule si ngumu, mgumu ni mkubwa wa nyumba.

Usiku wa tatu tulikuwa na hazina tatu mkononi na ya nne iko karibu. Binti alikuwa Fundi. Uwanja wa helikopta ulikuwa umefurika, rangi ya buluu, na yeye alisimama kigae cha jirani. Akasema anataka kuukausha kwanza. Mimi nikasema hapana, usipoteze tendo, njoo upande huu unikaushie hekalu nichukue jiwe, uwanja tutaurudia. Akasema: "Lakini Papa, tukikosa uwanja..." Nikamkata. Nikamsogezea kipande chake kwa mkono wangu mwenyewe. Akanyamaza. Akavuta karata zake mbili za hazina: ya pili ilikuwa Maji Yapanda. Tukachanganya zile za mafuriko, tukazirudisha juu. Karata ya kwanza, bustani. Ya pili, uwanja wa helikopta. Uwanja ukizama mchezo umekwisha, hata mngekuwa na hazina zote za dunia. Hakuna aliyeongea. Binti alikitoa kigae mezani, akakiweka mbele yangu, karibu na kikombe changu cha chai, akaenda kulala.

Nilikaa pale nikaona kwamba kumbe sikuwa nacheza na watu watatu. Nilikuwa nacheza peke yangu na mikono minane. Michezo ya kushirikiana yote ina ugonjwa huu, anayejua zaidi anageuka kamanda na wengine wanakuwa wabeba mizigo wake. Tangu usiku ule kwetu kuna sheria isiyo kwenye kitabu: mwenye zamu anaongea kwanza, wadogo wanafuata, Papa anaongea wa mwisho, na kipande cha mtu hakiguswi. Mama watoto ndiye mlinzi wa sheria hiyo, na anaisimamia bila huruma.

Mama mkwe alirudi mezani pole pole. Kwanza aliuliza kama mule ndani kuna balozi. Wakamwambia ni maji tu. Yeye amezaliwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, maji anayajua. Siku hizi akikosa kuwa Mzamiaji ananuna.

Tahadhari moja ya Kivu: usicheze baada ya kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tulicheza na sahani bado ziko mezani, na karata ya sanamu ya upepo ikapata alama ya mafuta ya kidole gumba mgongoni. Ikawa kila mtu anajua inakuja kabla haijafunuliwa. Ilibidi tuzivalishe karata zote vifuko vya plastiki. Kigae kimoja nacho kilipotea chini ya kochi mwezi mzima, tukacheza na kipande cha katoni kilichochorwa kwa rangi za shule, na hakuna aliyelalamika.

Swali lako la watu watano: Forbidden Island ni ya wanne. Wa miaka 7 mweke timu moja na mama yake, na hilo litawasaidia wote wawili. Ukitaka kila mtu awe na kipande chake, mtunzi huyo huyo ana Forbidden Desert ya 2013, jangwani, ya watu 2 hadi 5. Mchanga unazika vigae badala ya maji, kila mtu ana kiu yake ya kuhesabu, na mnatafuta vipande vya chombo cha kuruka. Ni mzuri, ila ni mgumu zaidi kidogo, na kufa kwa kiu kunamuuma mtoto kuliko kuzama. Mdogo wangu wa kiume anauona ndio bora. Hatuelewani.

Zombie Kidz Evolution ya 2018 nayo inafaa kwa mwenye miaka 7, ni dakika 15 tu, mnafunga milango minne ya shule kabla mazombi hayajajaa. Mnavyoendelea mnabandika stika na kufungua bahasha za siri zenye mambo mapya. Waliouchapa ni watu wa Quebec, kwa hiyo Kifaransa kipo. Wafu wanaotembea lakini, kama nyumbani mna mtu wa kanisa kama mama mkwe wangu, jipange.

Kijana wa miaka 13 akishaonja, mwakani mtafutie Andor. Ni wa Michael Menzel, ulitoka 2012, na 2013 ulipata tuzo ya Ujerumani ya Kennerspiel des Jahres. Hekaya ya kwanza inawafundisha sheria mkiwa tayari mnacheza. Kinachonifurahisha mule ni kwamba kila kiumbe mnachokiua kinasogeza hekaya mbele, na hekaya ikifika mwisho kabla hamjatimiza kazi, mmeshindwa. Kijana wa kupenda kupiga tu anajikuta amejimalizia siku. Ila unachukua jioni nzima, na mama watoto wako ameshasema neno lake.

Usiku wa kwanza, weka kipimo cha maji mahali pa chini kabisa. Karata zote ziwe wazi mezani. Usigawe kazi kwa kubahatisha, wa miaka 10 mpe Rubani, wa 13 mpe Fundi. Na usiwasomee kitabu: pangeni kisiwa, geuza vigae sita vya mwanzo, mwambie mdogo aanze kutembea, sheria utazitaja zikifikiwa.

Kwa Kifaransa unaitwa L'Île interdite. Mwandikie shemeji jina hilo kwenye WhatsApp kama lilivyo, na picha umtumie. Usimwambie "mchezo wa kisiwa." Wa kwangu nusura aniletee picha ya minazi ya vipande 500 ya kuunganisha.